Suhuba Iliyozidi Vyeo: Askari wa Zamani wa Handeni na Korogwe

Waandishi wa tarehe ya vita aghalabu hutaja majemadari na miji iliyotekwa, wakasahau kwamba askari aliyesalimika huishi nyumbani miaka mingi kuliko ile aliyopigana, na kwamba tabia ya jeshi iliyobaki naye si ile ya kuamrishwa, bali ile aliyoizoea wakati wa faragha, alipokuwa na wenzake.

Katika Korogwe, ambako reli ya Tanga ilifika mwaka 1902 na mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka bara, na katika Handeni, nchi ya Wazigua, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita mlangoni mwa watu. Mwezi Juni 1916, majeshi ya Waingereza yaliyoteremka bonde la mto Pangani yakimwandama Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yaliishika miji hiyo miwili; na Waafrika walikuwamo pande zote mbili, wengine wameshika bunduki, wengine wamejitwika mizigo. Hata hivyo, hasimu hao walikuwa na mchezo mmoja: beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilichezwa katika kambi za Wajerumani na za Waingereza pia.

Vita vilipokwisha, ngoma hiyo ikastawi Tanganyika kwa vyama vya Marini na Arinoti. Siku ya sikukuu wachezaji walijipanga kwa gwaride, fimbo begani mahali pa bunduki, ngoma kubwa ikivuma mbele na vyeo vya kizungu vikitajwa kwa taadhima. Mpagazi wa jana akawa jemadari wa leo, na wala hapakuwa na wa kumpinga ila chama shindani kilichotaka kumshinda kwa mavazi na karamu. Lakini haikuwa anasa tupu, kwa maana chama kilichocheza pamoja ndicho kilichomuuguza mgonjwa na kumzika maiti aliyefia ugenini.

Vita vya pili viliwapeleka vijana wa Tanganyika, katika King's African Rifles walioitwa Keya, hata Burma, ambako mwezi Desemba 1944 divisheni ya Afrika Mashariki ilivuka mto Chindwin. Waliorudi waliyakuta mapumziko ya kale yakiwangoja: Maulidi na Idi mijini, Krismasi katika misheni ya Kideleko, na bao barazani, ambalo kila mchezaji hulianza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, akapima kama nyumba yake, yaani shimo lake kuu, ailinde ama aitumie. Na pale Mnyamwezi wa mkonge alipokaa na Mzigua, utani ulikwisha kuwatangulia: mtani aliweza kumtukana mwenziwe bila ya kuzua ugomvi, na siku ya msiba kuzuia maziko mpaka apewe chochote.

Nishani alipewa mtu mmoja, akaivaa peke yake. Beni, bao na utani havitimii pasipo mwenzi. Kwa hiyo anayetaka kujua vita viliwaachia nini watu wa Handeni na Korogwe asitosheke na daftari za vikosi, bali aulize pia nani alicheza na nani, na nani alimzika nani.