Wanasesere wanne waliofika mahakamani

Wengi wenu mnaniuliza kwenye simu: hivi mtu mweusi huko Marekani anajionaje? Anajiona duni? Swali hilo halitoshi kwenye vocha ya simu, maana wenzetu wamelichunguza miaka mingi na hata kulifikisha mahakamani. Leo nawapa historia yake kwa ufupi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1890 Mmarekani William James aliandika kitabu kikubwa cha saikolojia. Kwake yeye kujithamini ni hesabu ya kugawanya: chukua uliyofanikiwa, gawanya kwa uliyotamani. Ukitaka kujiona bora, ama ongeza mafanikio ama punguza tamaa! Mwaka 1902 Charles Cooley akasema wenzetu ni kioo. Tunajitazama kwa jinsi tunavyodhani wao wanatuona, halafu moyoni tunapata fahari au aibu.

Sasa ikiwa wenzako ndio kioo, na unaishi katika nchi yenye sheria za kukutenga, utajiona vipi?

Swali hilo lililetwa wazi na mke na mume weusi, Mamie na Kenneth Clark. Watu hupenda kumtaja mume, lakini mbegu ilipandwa na mke. Mamie alizaliwa Hot Springs, Arkansas, huko kusini ambako watoto weusi walikuwa na shule zao na weupe zao. Mwaka 1939, kwa shahada yake ya pili katika Chuo Kikuu cha Howard, aliandika juu ya namna watoto wadogo weusi wanavyoanza kujitambua. Baadaye akiwa na mumewe waliendeleza kazi hiyo.

Walichukua wanasesere wanne, wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi: wawili weupe wenye nywele za manjano, wawili wa kahawia wenye nywele nyeusi. Wakawaita watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7. Wakamwambia mtoto: nipe unayetaka kucheza naye. Nipe mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Na mwisho kabisa: nipe anayefanana na wewe. Matokeo yalitoka mwaka 1947. Theluthi mbili hivi walitaka kucheza na mweupe, na zaidi ya nusu walisema wa kahawia ndiye mbaya. Hebu fikirieni mtoto ameshamwonyesha "mbaya", halafu anaambiwa aonyeshe anayefanana naye. Wapo waliolia, wapo waliotoka mbio chumbani.

Mwaka 1951 Kenneth alikwenda na wanasesere wake Clarendon, South Carolina, ambako wazazi weusi walikuwa wameshtaki kwa sababu ya shule za ubaguzi. Kati ya watoto 16 aliowapima, 10 walimpenda mweupe. Kesi hiyo iliunganishwa na nyingine, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba, na kwamba kunawatia hisia ya uduni ambayo huenda isifutike. Kazi ya Clark ikatajwa katika tanbihi ya hukumu. Wanasesere wa watoto wamesaidia kuangusha sheria, jamani!

Lakini msiishie hapo, maana wengi huishia hapo. Katika wale 253, watoto wa kaskazini waliosoma pamoja na weupe walimpenda mwanasesere mweupe zaidi kidogo kuliko wa kusini waliotengwa. Tena, kuchagua mwanasesere si sawa na kusema "mimi sifai". Mwaka 1965 Morris Rosenberg alitoa dodoso la sentensi 10 tu za kupima kujithamini, ambalo linatumika mpaka leo. Kisha yeye na Roberta Simmons wakawapima wanafunzi wapatao 1,900 wa Baltimore, na mwaka 1971 wakatoa jibu lililowashangaza wengi: watoto weusi hawakujithamini chini ya weupe. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha hivyo hivyo, mara nyingine weusi wakiwa juu.

Imekuwaje? Rosenberg na Simmons walieleza kwamba mtoto hajipimi kwa nchi nzima. Anajipima kwa mama yake, walimu wake, jirani zake, watoto wa mtaani kwake. Hao ndio kioo chake, na kama hao wanamwona mtu, naye anajiona mtu. Sisi tulishasema zamani: mcheza kwao hutunzwa.

Nimeyaandika haya kwa sababu mimi nilipokuwa nyumbani sikuwahi kuwa "mweusi". Nilikuwa mtoto wa fulani, wa mtaa fulani, shabiki wa Yanga. Hapa rangi ndiyo inayotangulia kuingia mlangoni, mimi nafuata nyuma. Kinachonishikilia ni kile kioo mlichonipa nyinyi kabla sijapanda ndege.

Basi mkitunze. Mtoto anayeitwa "mweusi kama mkaa" kwa utani, shangazi anayesifiwa kwamba amependeza tangu aanze mkorogo, binti anayeambiwa mwenzake mweupe ndiye atakayeolewa mapema: hapo hapana sheria ya Arkansas wala mzungu chumbani. Ni sisi wenyewe tunaompa mtoto mwanasesere na kumwonyesha yupi mbaya. Na walio karibu ndio wanaosikilizwa zaidi.

Haya, wasalimieni wazee wote. Na mnaoniagiza krimu za kung'arisha ngozi, jibu langu mmeshalisoma.