Ncha Ipi ni ya Kaskazini? Historia ya Majina ya Ncha za Sumaku na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Majina ya ncha za sumaku huchukuliwa kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kila sumaku ina ncha ya kaskazini na ya kusini, kwamba ncha zinazofanana husukumana na zisizofanana huvutana. Historia, hata hivyo, inaonyesha kuwa tabia hizo zilieleweka kabla ya kupatikana makubaliano kuhusu majina yenyewe. Makala hii inafuatilia mvutano huo na kubainisha kwa nini unawahusu wasanifishaji wa istilahi za Kiswahili.

Mnamo Agosti 1269, Petrus Peregrinus, msomi Mfaransa aliyekuwa katika jeshi lililouzingira mji wa Lucera, Italia, aliandika waraka kuhusu sumaku. Alieleza namna ya kulichonga jiwe la sumaku liwe tufe, kuweka sindano juu yake mahali mbalimbali na kuchora mistari kwa kufuata uelekeo wake. Mistari hiyo hukutana katika nukta mbili zinazokabiliana, nazo ndizo ncha. Alieleza pia kwamba jiwe likikatwa vipande viwili, kila kipande huwa na ncha zake mbili. Kwa kuwa aliamini kuwa sumaku hupata nguvu zake kutoka mbinguni, aliita ya kaskazini ile ncha inayoelekea kaskazini ya mbingu.

Mwaka 1600, William Gilbert, tabibu Mwingereza, alichapisha kitabu *De Magnete*, akidai kuwa Dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Dai hilo lilifufua suala la majina. Ikiwa ncha zisizofanana ndizo zinazovutana, ncha ya sindano inayovutwa kuelekea kaskazini haiwezi kuwa ya aina moja na ile iliyoko huko. Hivyo Gilbert aliiita ncha ya kusini. Mantiki yake ilikuwa thabiti, lakini matumizi yaliyoenea hatimaye yakawa kinyume chake. Kwa sababu hiyo, katika fizikia ya leo, ncha ya sumaku ya Dunia iliyo upande wa kaskazini ni, kwa tabia yake, ncha ya kusini.

Kiswahili kimerithi utata huo na kuuongezea wa kwake. Neno *kaskazini* linahusiana na *kaskazi*, upepo wa msimu uvumao kutoka upande huo takriban Desemba hadi Machi. *Kusini* nalo linahusiana na *kusi*. Jina la upande, basi, linakumbusha upepo unakotoka, ilhali jina la ncha ya sumaku linataja sindano inakoelekea. Aidha, neno *ncha* hutumika kwa mwisho wa sindano, kwa ncha ya kijiografia na kwa ncha ya sumaku ya Dunia. Katika maandishi, herufi kubwa huitenga Ncha ya Kaskazini ya Dunia na ncha ya kaskazini ya sumaku; mwalimu anapozungumza, tofauti hiyo hutoweka.

Athari yake si ndogo. Nchini Tanzania, wanafunzi wengi hukutana na sumaku kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha huendelea na fizikia kwa Kiingereza katika sekondari. Dhana iliyovurugika katika lugha ya kwanza ya kufundishia huvuka pamoja nao, na lugha ya pili haiwezi kuinyoosha kwa kuwa nayo ina utata uleule.

Suluhisho halihitaji neno geni. *Ncha ielekeayo kaskazini* ingeweza kutumika kwa sumaku, *Ncha ya Kaskazini* kwa jiografia, na *ncha ya sumaku ya Dunia* kwa dhana ya tatu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yanafaa kuzipatanisha istilahi hizi sasa, kabla vitabu vya nchi mbalimbali havijajenga mazoea yatakayokuwa magumu kung'oa, kama yalivyokuwa yale yaliyoishinda hoja ya Gilbert.