Jina Gani Niandike? Historia ya Mlango wa Debian

Hapa Musaga, kusini mwa Bujumbura, mkimbizi anajifunza mapema kwamba maisha yake yanakaa kwenye karatasi. Kadi ikipotea, na wewe umepotea. Ndiyo maana sikushangaa siku kijana mmoja wa kikundi chetu, mwenye miaka 17, aliponigeukia mbele ya kompyuta na kuuliza: "Yaya, niandike jina gani?"

Alikuwa ameona Kiswahili kibovu ndani ya programu moja ndogo, akakirekebisha, na sasa alitaka kutuma rekebisho lake kwa watu wa Debian. Shida ni kwamba kwenye kadi yake jina liliandikwa vibaya tangu siku ya kuandikishwa. Ni herufi mbili tu, lakini zimeshamtoa kwenye foleni mara nyingi. "La kadi, ao lile mama ananiita?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma historia.

Debian ilianza tarehe 16 Agosti 1993. Mwanafunzi mmoja wa Marekani, Ian Murdock, alitangaza kwamba anataka kukusanya programu huria ziwe mfumo mmoja kamili wa kompyuta. Jina alilitoa kwa mchumba wake Debra na kwake mwenyewe. Programu huria ni ile ambayo mtu yeyote ameruhusiwa kuitumia, kuifungua aone ndani, kuibadilisha na kuigawa.

Lakini programu peke yake ni kama mahindi shambani. Lazima mtu ayavune, ayapukuchue, ayatie kwenye gunia, aandike juu yake. Gunia hilo ndilo kifurushi. Sisi tuliopanga foleni ya unga tunajua maandishi ya gunia yana maana gani. Kifurushi cha Debian nacho kina maandishi yake: kinahitaji vifurushi gani vingine ili kifanye kazi, nani ana haki juu ya programu na ameruhusu nini, na daftari la mabadiliko. Katika daftari hilo kila toleo lina mabadiliko yake, na chini yake jina la mtu aliyeliandaa pamoja na tarehe.

Mwanzoni kujiunga hakukuwa na safari ndefu kama leo. Watu wakaongezeka, kazi mbovu nazo zikaongezeka, na mwaka 1999 mradi ukafunga mlango kwa wageni. Ulipofunguliwa mwaka 2000, kulikuwa na hatua za kupita: mtu wa ndani akusemee, uthibitishe wewe ni nani, ujibu maswali juu ya kanuni, uonyeshe kazi yako, kisha ungoje. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Mkimbizi gani hajui safari hiyo?

Hatua ya kuthibitisha ndiyo iliyoniuma. Desturi yao ilikuwa hivi: kila mtu ana ufunguo wa kidijitali wa kutia sahihi kazi yake. Ili ufunguo wako uaminike, ulikutana uso kwa uso na mwanachama, ukamwonyesha kitambulisho cha serikali, naye akatia sahihi juu ya ufunguo wako. Sasa mtu wa Musaga asiye na pasi, ambaye hata kuvuka mpaka ni kesi, atakutana na nani?

Lakini historia hiyohiyo inaonyesha karatasi ina mipaka. Mwaka 2006, kwenye mkutano wa Debian huko Mexico, mwanachama mmoja aliwaonyesha wenzake kitambulisho cha taifa ambalo halipo duniani, ili awajaribu. Wengi walikikubali. Kumbe hata mafundi wakubwa wanaangalia picha na muhuri, basi.

Nisiseme upande mmoja tu. Mwaka 2024 dunia ilipata hofu ya kweli. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amesaidia kwa miaka zaidi ya miwili kutunza programu ndogo inayoitwa xz, mpaka akaaminiwa. Kisha akaficha ndani yake mlango wa siri. Fundi mmoja, Andres Freund, aliugundua mwezi wa Machi kwa sababu kompyuta yake ilichelewa kidogo kuliko kawaida. Kwa hiyo wanaouliza "wewe ni nani?" hawana roho mbaya. Wana sababu.

Jibu la kijana wetu nililipata katika sehemu nyingine ya historia. Mtu si lazima awe mwanachama ndipo achangie. Anaweza kutengeneza kifurushi, na mwanachama akakikagua na kukipakia kwa sahihi yake mwenyewe. Huyo anaitwa mdhamini. Tangu 2007 kuna ngazi ya kati, ya mtunzaji wa vifurushi vyake tu. Mwaka 2010 wakapiga kura kukubali uanachama wa watu wasiotengeneza vifurushi, kama watafsiri. Na kwa anayetuma rekebisho tu, hakuna anayedai kadi. Wanaangalia kazi.

Kiswahili nacho hakikuanza leo. Mwezi wa Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Miezi miwili kabla, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alikuwa ametoa Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian. Hapa Burundi neno hilo halihitaji mkalimani.

Basi kijana aliandika jina analoitwa na mama yake. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: rekebisha hapa, hapa na hapa. Akafunga kompyuta. "Wamenikatalia, kama wote." Nikamwambia: aliyekukataa hakuandikii mistari kumi na miwili ya kukuelekeza. Alikaa siku mbili bila kunisemesha, kisha akarudi. Mara ya pili lilipokelewa. Jina lake sasa liko kwenye daftari la mabadiliko, na herufi zote ni sawa.

Kadi yake bado ina kosa. Jina la kwenye daftari halimpi chakula wala halimvushi mpaka, na sitaki kumdanganya mtu.

Ila ninyi mnaofanya kazi ya misaada, mkija na mafunzo ya kompyuta ya wiki mbili na cheti, ulizeni pia juu ya umeme na mega za intaneti kwa miezi sita ijayo. Kujifunza kazi hii ni kutuma, kurudishiwa, na kutuma tena. Nanyi vijana wenzangu wa kambini, anzeni na kosa moja dogo mnalolijua vizuri. Jina mtaandika mnalolitaka.