Mji wa Mito Miwili: Thika Tangu 1924

Mhariri wa kijitabu hiki amenipa siku tano niandike miaka mia moja. Nimekubali kwa sababu wenzangu tulioanza nao kazi katika ofisi ya karani wa mji tumebaki wachache, na kwa sababu nikikataa mimi, kazi atapewa kijana ambaye hajawahi kushika kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Yatakayopungua, mnisamehe.

Thika ni mto kabla ya kuwa mji. Tena si mto mmoja. Chania na Thika yote inatoka Nyandarua, inashuka sambamba hadi hapa, inaporomoka kwenye miamba kila mmoja kwa sauti yake, halafu inakutana na kuelekea Tana. Jina lina mabishano yasiyokwisha. Wakikuyu wanalitoa kwenye kitenzi chao cha kuzika, wakisema hapa ndipo walipofukiwa wafu wa njaa au wa vita, inategemea mzee unayemuuliza. Wengine wanasema ni neno la Kimaasai, la kusugua kitu kwenye ukingo. Mimi naona ubishi wenyewe ndio ushahidi: palikuwa mpakani, Mkikuyu upande wa milima, Mkamba upande wa mashariki, Mmaasai kule nyikani, na kila mmoja alipita hapa akaacha neno.

Mwaka 1908 ikajengwa hoteli ya Blue Posts katikati ya mito hiyo miwili, na iko hadi leo. Ukikaa upande mmoja wa bustani unasikia Chania, ukivuka upande wa pili unasikia Thika. Wageni wake wa kwanza walikuwa walowezi na wawindaji waliotoka Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 40, wakipumzisha wanyama kabla ya kuendelea Fort Hall, yaani Murang'a ya sasa. Sisi Waafrika tulianza kuingia kwa mlango wa mbele baadaye sana, lakini tulipoanza tuliingia kwa suti.

Mwaka uliofuata, 1909, Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifikia kwa jirani zetu wa Juja, kwenye shamba la Mmarekani mwenzake William Northrup McMillan. Watu wa Juja hulitaja jambo hilo utadhani waliongea naye jana.

Reli ilifika 1913. Katika karatasi za serikali iliitwa tramu, Tramu ya Thika, jina la unyenyekevu kwa njia iliyokuja kubeba mkonge na kahawa ya eneo zima la jirani. Kwa miaka kadhaa ilikomea hapa, na mji ambao reli inakomea kwake hupata riziki isiyo ya kawaida: wapagazi, mafundi wa magurudumu, Wahindi wenye maduka ya mabati, wauza uji, mikokoteni ya ng'ombe imepanga foleni kutoka Makuyu na Punda Milia. Njia iliendelezwa kidogo kidogo hadi Nanyuki, 1930, lakini kufikia wakati huo Thika ilikuwa imeshajijenga.

Katika mwaka huohuo wa 1913 aliletwa huku mtoto wa kike wa Kiingereza mwenye umri wa miaka sita, wazazi wake wamenunua ardhi ya kupanda kahawa. Alipokuwa mtu mzima, Elspeth Huxley aliandika kumbukumbu za utoto huo katika kitabu The Flame Trees of Thika, kilichotoka 1959 na kufanywa mchezo wa televisheni 1981. Tangu hapo wageni wamekuwa wakishuka kwenye stendi wakiulizia miti yenye maua mekundu. Nasi tumekuwa tukiwaonyesha miti yoyote iliyo karibu. Ni kitabu kizuri, ila wanaolima kahawa ndani yake wanaonekana kwa mbali, na hao ndio babu zetu.

Sasa tufike kwenye 1924, mwaka unaotukutanisha. Mwaka huo Thika ilitangazwa rasmi kuwa mji. Msomaji wa leo asidhani palikuwa na jumba, joho wala mkufu wa meya. Mamlaka ya mji mdogo wakati ule ilikuwa kazi ya taka, mitaro, soko, machinjio, leseni za maduka na kupima viwanja, chini ya jicho la mkuu wa wilaya. Mwaka huohuo serikali ilipitisha pia sheria iliyozaa mabaraza ya wenyeji katika maeneo ya Waafrika. Kwa hiyo mtu aliyekaa ng'ambo ya mto alikuwa na baraza lake la kuzungumzia shule na barabara, lakini akivuka kuja mjini kuuza ndizi, alikuwa mgeni mwenye kipande shingoni. Mji ulipangwa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Naliandika hilo na kuliacha hapo. Hii ni sherehe.

Lakini mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, siwezi kuuacha. Mwonaji wa Wakikuyu, Mugo wa Kibiru, alitabiri kuja kwa wageni na nyoka wao wa chuma, yaani reli. Wazee wakaongeza, au wakakumbuka, kwamba utawala wa wageni hao ungekwisha siku mugumo mkubwa wa Thika utakapoanguka. Inasimuliwa kwamba Waingereza, watu wasioamini ushirikina, waliuzungushia mti ule ukanda wa chuma ili usimame. Ukapasuka na kuanguka 1963, mwaka wa uhuru. Mahali pale leo ni bustani ya Mugumo, na wachumba wanaopigia picha hapo Jumamosi wengi hawajui wamesimama juu ya nini.

Viwanda vilivyofanya Thika iitwe Birmingham ya Kenya vilifuata maji na reli, havikuja kwa bahati. Kituo cha umeme cha Ndula kilijengwa kwenye mto Thika 1925, mwaka mmoja tu baada ya mji kutangazwa. Ukiwa na maji, umeme, gari moshi mlangoni, ngozi na mkonge na matunda pande zote, na Nairobi kwa mwendo wa saa moja, mwenye mtaji anahitaji kuambiwa nini tena? Wakaja watengenezaji wa ngozi na wa mikebe. Kenya Canners ilianzishwa 1948 kusindika mananasi, na baadaye ikawa Del Monte. Thika Cloth Mills ikaanza kufuma vitambaa 1958. Leyland Kenya, ambayo baadaye iliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, ilianzishwa 1974, na kwa muda mrefu basi likipita barabarani tulikuwa tukiwaambia wageni, hilo limeungwa kwetu.

King'ora cha zamu kilikuwa saa ya mji. Mwalimu aliyechelewa hakuwa na kisingizio.

Jeshi la Wokovu nalo lazima nilishukuru kwa jina. Mwaka 1946 lilianzisha hapa shule ya wasioona, ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki, na 1962 likaongeza Joytown kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Kuna miji mikubwa kuliko wetu ambayo haijawahi kuzoea mtu mwenye fimbo nyeupe kuvuka barabara akiwa na haraka zake. Kwetu, dereva wa matatu, yule yule asiyesimamia mtu yeyote, husimama.

Uhuru ulipokuja, barabara zikapata majina mapya: Uhuru, Kwame Nkrumah, Haile Selassie. Baadaye tukawa manispaa, tukapata madiwani, meya na karani wa mji. Nikianza kutaja mameya nitawaudhi watakaosahauliwa, basi niwashukuru wote kwa pamoja, hata wale ambao vikao vyao vilikwisha kabla ya ajenda ya pili. Mimi nilipokelewa kama karani mdogo wa kodi ya viwanja. Nakumbuka mama mmoja wa sokoni aliyehifadhi kila risiti ya ushuru kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku moja askari wa kanjo alimtuhumu hajalipa. Akaja na kopo, akalipindua juu ya meza yangu, tukahesabu hadi chakula cha mchana. Zilitimia zote. Kumbukumbu zake zilikuwa bora kuliko zetu.

Miaka ya themanini na tisini nitaipita kwa hatua ndefu. Mabaraza yote nchini yalikuwa na shida ya fedha, na mtaa kama Kiandutu ulikua kwa kasi kuliko mabomba ya maji. Mwaka 1999 serikali kuu ilianzisha mfuko wa kugawia mabaraza sehemu ya kodi ya mapato, tukapumua. Lililobaki liko kwenye kumbukumbu za vikao, na kumbukumbu ziko stoo.

Ya karibuni mnayajua, nitayahesabu tu. Bidco ilianza kusafisha mafuta ya kupikia hapa 1991. Wilaya ya Thika ilitangazwa 1994, ikaja ikayeyuka ndani ya Kiambu na Murang'a. Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja, kilichopokea wanafunzi wa kwanza 1981, kikawa chuo kikuu kamili 1994. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kikapata hati yake 2011. Maji yakapewa kampuni inayomilikiwa na umma, ambayo imekuwa ikitajwa miongoni mwa zinazofanya vizuri nchini. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012. Mwaka 2013 mabaraza yote 175 ya Kenya yalifikia mwisho, na letu likiwemo. Madiwani wakaondoka, wakaja wawakilishi wa wadi na magavana, Kabogo, Waititu, Nyoro na sasa Wamatangi. Manispaa imerudi, safari hii na bodi na meneja badala ya meya. Treni ya abiria ya Nanyuki ilirejea 2020.

Mhariri anasisitiza nitaje Ruiru, mji jirani, na ana haki. Ruiru ndiyo iliyoiwashia Nairobi taa, kwa umeme wa maporomoko yake, tangu 1908. Kituo chake cha utafiti wa kahawa kilitoa mwaka 1985 mbegu ya kahawa iliyobeba jina la mji, Ruiru 11, inayohimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Mkulima asiyewahi kukanyaga hapo hulitaja jina hilo kila msimu. Brookside ilianza huko 1993. Tulizoea kuiita mdogo wetu. Sensa ya 2019 ikaja: Ruiru watu 490,120, Thika 251,407. Kwa hesabu hiyo Ruiru ni ya nne nchini, na mashamba ya kahawa yamegeuka vyumba vya kupanga na mji mpya wa Tatu City. Wanaolala Ruiru huamka Nairobi, nasi bado tuna king'ora, japo kimepungua sauti.

Nairobi haijawahi kuturudishia. Ilichukua umeme, mawe ya kujengea, maziwa, na tangu miaka ya tisini maji ya bwawa la Ndakaini, lita bilioni 70 zenye jina la mto wetu, yanapita kwa bomba bila kutusalimu. Mhariri, hili ukilikata nitajua.

Shukrani ziwafikie wafagiaji wa alfajiri, wazibua mitaro, wachukuaji taka, wakusanyaji ushuru wa masoko ya Madaraka na Jamhuri, wapiga chapa, wauguzi, na waliolipa kodi bila kungoja barua ya pili. Na mwenye picha ya mugumo ukiwa bado umesimama na ukanda wake wa chuma, tafadhali ailete kabla ya Ijumaa. Itachapwa ukurasa wa mbele na atarudishiwa siku hiyohiyo. Risiti ataandikiwa.