Jicho la Ushanga katika Sanamu za Unyamwezi

Gongoni ni kata mojawapo ya mji wa Tabora, na Tabora imo katika nchi iliyoitwa zamani Unyanyembe, ambako misafara ya karne ya 19 ilikutana: huu waelekea Ujiji, huu Karagwe, na ule warudi Bagamoyo. Habari za pembe na za watumwa waliopitishwa njia hiyo zimeandikwa sana. Shanga hutajwa kama fedha ya kununulia chakula njiani, kisha huachwa. Walakini ushanga ulikuwa na kazi nyingine huko Unyamwezi, nayo ni kuwa jicho.

Sanamu nyingi za Kinyamwezi zina kiwiliwili kirefu, mikono myembamba na uso usio na mapambo mengi. Katika uso huo mtupu, macho aghalabu ni shanga za kioo, na mara nyingi ni nyeupe. Fundi alitoboa tundu akapachika ushanga ndani yake. Ni kazi ndogo, lakini si nyepesi: tundu likizidi upana, ushanga hulegea, likibana mno, mti hupasuka, na uchongaji wote uliotangulia ukapotea bure. Cha kugandishia hakikuwa mbali. Unyamwezi ni nchi ya miyombo na nyuki, na mwenye mizinga porini hakukosa nta. Utomvu wa miti nao ulikuwapo. Wamakonde wa kusini, katika vinyago vyao vya mapiko, waliitumia nta hiyohiyo kufanyizia chale za usoni, na wakabandika nywele za binadamu kichwani pa kinyago.

Tofauti ni kwamba nywele na nta ni vitu vya nyumbani, ilhali ushanga ulitoka ng'ambo. Shanga nyingi za njia hii zilifanywa Venice, zikaletwa Unguja, na kutoka pwani zikachukuliwa mabegani na wapagazi, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Burton, aliyefika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400. Wala haikuwa shauri la kuchukua aina yoyote tu. Stanley, alipokuwa akinunua shehena yake Unguja mwaka 1871, aliarifiwa kwamba Unyamwezi hupokea shanga nyekundu na kuzikataa nyingine. Nyeusi zapita Ugogo tu. Nyeupe zafaa Ufipa. Msafiri aliyekosea rangi alikuwa na mzigo usiomnunulia hata kibaba cha mtama.

Hapa pana jambo la kutafakari. Ikiwa nyekundu ndiyo iliyokuwa fedha, mchongaji aliyeweka nyeupe hakuwa akitia mali usoni pa sanamu. Yamkini alitaka weupe wa jicho, akauona katika kitu ambacho soko la nchi yake halikukitamani. Si kila sanamu ni ya miaka hiyo ya Stanley, na desturi za rangi zilibadilika upesi. Hata hivyo, asemaye kwamba shanga ziliingia bara kama hongo na fedha tu, na aziangalie sanamu hizi kwanza.

Sanamu kadha wa kadha zilichukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani, uliokoma Tabora mwaka 1916, zikawekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Jina la mchongaji mara nyingi halikuandikwa. Kitu kilichopachikwa ndicho hutoka kwanza: nta hukauka, mti husinyaa, ushanga hudondoka katika sanduku au katika pamba iliyofungiwa. Mtazamaji wa leo akikuta tundu tupu huweza kudhani kwamba ndivyo fundi alivyokusudia, uso wa kipofu, na akatunga maelezo marefu juu ya upofu huo. Afadhali amulike ndani ya tundu kwa taa. Mara nyingine mabaki ya gundi bado yamo.