Kaburi Lililofunguka na Kaburi Tupu: Wafu wa Romero na Misukule katika Mtazamo wa Kihamba cha Kilimanjaro

Filamu ya George A. Romero, Night of the Living Dead, iliyotoka Marekani mwaka 1968, inaanza kwa safari ya ndugu wawili, Barbra na Johnny. Wameendesha gari mwendo mrefu kwenda kuweka shada juu ya kaburi la baba yao, naye Johnny analalamikia umbali na usumbufu wa safari. Muda si mrefu anauawa na mfu anayezurura makaburini. Ni rahisi kulipita tukio hilo upesi ili kuifikia nyumba iliyozingirwa. Makala haya yanabaki makaburini. Kwa mtazamaji wa Moshi, ambaye kila Desemba huona watu wakirudi kwenye vihamba walikozikwa wazee wao, kosa la Johnny limetangulia kifo chake.

Filamu hiyo ilizaa mfululizo: Dawn of the Dead (1978), Day of the Dead (1985) na nyingine tatu za Romero mwenyewe kati ya 2005 na 2009. Wasambazaji walipobadilisha jina la filamu ya kwanza, tangazo la hakimiliki liliachwa nje, hivyo ikawa mali ya umma. Tom Savini aliitengeneza upya mwaka 1990 kwa mswada wa Romero. Zack Snyder akaitengeneza upya Dawn of the Dead mwaka 2004. Katika matoleo yote haya tishio halibadiliki: mfu harudi kwa jamaa zake kama jamaa, bali kama mdomo. Johnny mwenyewe anatokea tena mwishoni na kumvuta dada yake nje.

Neno zombi halitamkwi kabisa katika filamu ya 1968. Lilikuwa limeingia katika sinema ya Marekani kupitia White Zombie ya 1932, wakati Haiti ingali inakaliwa na majeshi ya Marekani, na wafu wa filamu hiyo hawali mtu. Wanazungusha kinu cha sukari cha bwana wao. Hapa ndipo msukule anapopata ndugu yake wa kweli. Katika masimulizi ya Tanzania, msukule ni mtu aliyedhaniwa amekufa, kumbe amechukuliwa na mchawi, akakatwa ulimi, akalishwa pumba na kulimishwa usiku. Kiswahili cha mitaani huwaita wafu wa Romero misukule, lakini wizi wa nguvukazi ni jambo moja na njaa ya nyama ni jambo jingine. (Itakumbukwa kwamba shamba la miwa la Tanganyika Planting Company, kusini mwa Moshi, lilianzishwa mwaka 1930. Sidai kuwa lina uhusiano na imani hii. Nataka tu tusisahau kwamba kinu cha sukari hakikuwa picha ya mbali kwa watu wa mlima huu.)

Jambo la msingi zaidi ni kaburi. Charles Dundas, katika kitabu chake cha 1924 kuhusu Kilimanjaro, na kabla yake mmisionari Bruno Gutmann, waliandika kwamba Mchaga aliyeacha watoto alizikwa ndani ya nyumba yake, na baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa na fuvu likawekwa kihambani, penye masale. Kaburi lilifunguliwa na wenyewe, kwa utaratibu, na mfu akatoka bila kumtisha mtu. Ukristo, ulioletwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu na Walutheri wa Leipzig katika muongo wa 1890, uliukomesha ufukuaji huo polepole. Haukukomesha kuzikwa kihambani. Anayefia Dar es Salaam bado husafirishwa. Panapozuka mgogoro wa ardhi, kaburi na masale hutajwa kama ushahidi wa nani alitangulia kukaa pale.

Sasa tulifikirie simulizi la msukule katika mazingira hayo. Inasemwa kwamba kilichozikwa si maiti bali ni gogo la mgomba, lililofanywa lionekane kama mtu. Masimulizi hayo yapo mikoa mingi, lakini kwenye miteremko ya Kilimanjaro mgomba ndio kihamba chenyewe: chakula, pombe, kivuli cha kahawa. Ukoo ulioomboleza juu ya mgomba umepoteza mtu na umepoteza ushahidi. Hofu hiyo imekaa mahali ambapo Romero hakupagusa, kwa kuwa katika filamu zake kaburi likishafunguka halina tena cha kumwambia yeyote.

Kwa sababu hiyo ninatofautiana na mwelekeo wa kuzihukumu filamu za kutisha za Kiswahili kama nakala. Claudia Böhme amefuatilia kwa makini nyayo za Nollywood katika filamu za video za Tanzania, na katika kazi za Mussa Banzi, kama vile Nsyuka na Shumileta, ukopaji si siri. Hata hivyo, swali la alikokopa nani linaishia kwenye umbo. Päivi Hasu, aliyeandika mwaka 1999 kuhusu kifo na historia Kilimanjaro, baadaye aligeukia misukule na kanisa moja la Dar es Salaam linalodai kuwarejesha. Hatua hiyo inafundisha zaidi: katika ushuhuda wa waliorejeshwa, kilele si mapambano na mfu. Ni kumtambua, jamaa humtazama usoni, humwita kwa jina lake, kisha wanalazimika kuuliza ni nani basi waliyemzika.