Thuluthi mbili: historia ya deni la shule katika jimbo la California

Jioni ya tarehe 10 Machi 1933, saa kumi na mbili kasorobo hivi, ardhi ilitetemeka kusini mwa California. Watu wapatao 120 walipoteza maisha. Katika mji wa Long Beach na jirani zake, majengo ya shule yalikuwa miongoni mwa yaliyoanguka vibaya zaidi: kuta za matofali zilimwagika juu ya ngazi na milango ambayo watoto walikuwa wamepita saa chache kabla. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 10, jimbo lilipitisha Sheria ya Field, iliyoweka usanifu na ujenzi wa shule za umma chini ya ukaguzi wa wahandisi wa jimbo. Shule salama ikawa takwa la kisheria. Swali la nani alipe liliachwa palepale lilipokuwa, nalo ndilo lililozaa siasa ninayotaka kuisimulia.

Msomaji aliyezoea shule kujengwa kwa bajeti ya serikali kuu na michango ya wananchi ataona ajabu utaratibu wa Wamarekani. Wilaya ya shule kwao ni chombo kinachojitegemea, chenye bodi iliyochaguliwa. Ikitaka kujenga au kukarabati, huwaendea wapiga kura kuomba ruhusa ya kuuza hati fungani. Wawekezaji hutoa fedha leo. Wenye nyumba na viwanja hulipa deni pamoja na riba kupitia kodi ya mali, mara nyingi kwa miaka 25 au 30. Kwa maneno mengine, jirani anaulizwa kama yuko tayari kuongezewa kodi ili paa la shule lisivuje, hata kama yeye mwenyewe hana mtoto shuleni.

California iliufanya uamuzi huo kuwa mgumu mapema. Katiba yake ya 1879 ilidai thuluthi mbili ya kura kwa deni la namna hiyo. Tafsiri yake ya kihesabu ni nyepesi: kura moja ya hapana ina uzito wa kura mbili za ndiyo. Kisha, Juni 1978, likaja Pendekezo la 13 la Howard Jarvis na Paul Gann, ambalo lilifunga kodi ya mali katika asilimia moja ya thamani iliyokadiriwa na kuzuia thamani hiyo isipande zaidi ya asilimia mbili kwa mwaka, hadi mali iuzwe. Kwa kuwa kodi ya juu ya kiwango hicho iliruhusiwa kwa madeni ya zamani tu, mlango wa hati fungani mpya ulifungwa hadi 1986. Pendekezo hilo, lililotaka kodi nyingi za baadaye zipate thuluthi mbili, lenyewe lilipita kwa asilimia 65 pungufu kidogo. Lisingeuvuka uzio lililoujenga.

Gharama ya miaka hiyo ilionekana Los Angeles. Idadi ya wanafunzi iliongezeka, majengo yakabaki yale yale. Shule zikaendeshwa mwaka mzima kwa zamu, na katika baadhi yake mwanafunzi alipata siku 163 za masomo badala ya 180. Novemba 1996, ombi la hati fungani za dola bilioni 2.4 lilipata wingi mkubwa wa kura, likashindwa kwa kukosa thuluthi mbili kwa tofauti ndogo. Liliporudishwa Aprili 1997, lilipita. Tunaposoma kwamba wananchi walikataa kujenga shule, yafaa kwanza kuuliza ni wananchi gani, kwa maana mara nyingi ni theluthi moja iliyowashinda wengine wote.

Novemba 2000 Pendekezo la 39 lilishusha kiwango hadi asilimia 55. (Lilipita kwa asilimia 53, kwa kuwa kubadili katiba ya jimbo hakuhitaji zaidi ya nusu, kukarabati choo cha shule kulihitaji.) Badala yake liliweka masharti: orodha ya miradi ijulikane kabla ya kura, ukaguzi wa hesabu kila mwaka, kamati ya wananchi ya usimamizi, na fedha zisitumike kulipa mishahara. Sharti hilo la mwisho lilileta picha iliyowakera wengi mwaka 2010, pale Los Angeles ilipofungua shule za Robert F. Kennedy kwa gharama ya dola milioni 578, kwenye kiwanja cha hoteli alimopigwa risasi seneta huyo, wakati walimu wakipunguzwa kazini. Hasira ilieleweka, lakini fedha za kuta hazikuweza kisheria kuwa mshahara wa mwalimu.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilijificha kwingine. Wilaya ya Poway, karibu na San Diego, ilikuwa imeahidi kutopandisha kiwango cha kodi. Ili kutimiza ahadi hiyo, mwaka 2011 ilikopa takriban dola milioni 105 kwa hati ambazo riba yake hulimbikizwa, pasipo malipo yoyote kwa miaka zaidi ya ishirini. Jumla itakayolipwa inakaribia dola milioni 981. Wapiga kura waliokuwa wameridhia kukopa hawakuwa wameulizwa kuhusu bei hiyo. Hakuna kiwango cha kura, kiwe thuluthi mbili au 55, kinachomlinda mtu dhidi ya jambo ambalo halikuwekwa mbele yake.

Mwaka 2013 bunge la jimbo liliweka ukomo: kwa hati za aina hiyo, marejesho yasizidi mara nne ya mkopo, na muda usizidi miaka 25. Sheria hiyo haikugusa mikataba iliyokwisha sainiwa. Malipo ya Poway yanaanza 2033 na kuendelea hadi 2051, na watakaoyalipa ni pamoja na watu waliokuwa darasa la kwanza siku deni liliposainiwa.